Nilisema Simjui

Mwanangu Idrissa,

Kabla hujavuka mstari huu nakuomba jambo moja, na nakuomba kweli, sikuamrishi: haya yote yabaki baina yangu na wewe. Usimsomee shangazi yako. Usiipige picha. Isome hapa hapa nyumbani, usiende nayo kwenye ndege, na ukishaimaliza ichane vipande vidogo. Nilikula kiapo kwa maandishi, nikatia sahihi, kwamba ninayoyaona ndani ya kituo cha kupigia kura hayatatoka nje kwa mdomo wangu. Bado nafanya kazi katika ofisi ileile ya uchaguzi. Yuko mtu mmoja tu unayeruhusiwa kuzungumza naye juu ya barua hii, naye nitamtaja mwishoni.

Unanijua. Mimi ni mtu wa kutoka nyumbani, kufika kituo cha basi, kisha kurudi kutazama kama jiko limezimwa. Haya nimeyaandika kwanza kwa penseli, nikayafuta, nikaandika tena. Umekwenda kukata nywele na kuagana na wenzako, na umesema utarudi kabla ya isha, kwa hiyo nina kama saa tatu. Mabegi yako yako mlangoni. Mambo ya koti, dawa ya kifua na waya wa simu nimeyaandika kwenye karatasi nyengine, ya manjano, iliyo ndani ya kiatu chako cha kushoto. Humu hayamo.

Nataka kurudi kwenye yale ya Jumapili mezani. Shangazi yako Maryam alikuwa kwenye simu kutoka huko Marekani, sauti imefunguliwa ili sote tusikie.

"Ukifika tu nakuandikisha upige kura," alikwambia. "Wewe raia kama mimi, baba yako kakuachia pasipoti. Tuna mchujo wa baraza la jiji."

"Shangazi, hata njia za huko sizijui."

"Utazijua kwa kuzikanyaga. Majina saba kwenye karatasi, unachagua moja, wawili wa juu wanaingia duru ya pili. Mchezo wa mtoto."

"Vyama gani?"

"Hakuna chama. Kwenye baraza la jiji letu hawaandiki vyama. Majina matupu."

Ukanigeukia, ukahamia kwenye Kiingereza, kama unavyofanya unapotaka jambo liishe. Majina matupu, sasa mtu atajuaje? Ukasema mimi ndiye mtu wa kura humu ndani, basi nitakuchagulia, utanitumia picha ya karatasi.

Shangazi yako akacheka hadi simu ikakwaruza. "Mama yako? Mama yako hata pazia hachagui bila ya kusoma maelekezo!"

Mlicheka nyote wawili. Na mimi nilicheka. Kisha niliinuka nikaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikwisha kuoshwa.

Sikukasirika, mwanangu. Niliogopa. Kwa siku tatu hizi nimekuwa nikijiuliza kama nikuache uende hivyo hivyo. Ungekwenda, ungesoma, ungefanikiwa inshaallah, na usingejua. Lakini ungekwenda na kosa ambalo si lako. Ulilichukua ukiwa na miaka kumi na mitano, na mimi ndiye niliyekutwika.

Basi nikutajie jina ambalo hatujalitaja humu ndani kwa miaka mitatu. Bibi Zuwena.

Unamkumbuka kwa mambo yako, na mimi namkumbuka kwa yangu. Nilikuzaa nina miaka kumi na minane. Mama yangu alipofariki ulikuwa na miaka minne, na mimi nilikuwa nasoma mchana na kufanya kazi jioni. Bi. Zuwena alikuwa shoga yake mama, Mpemba wa kweli, mjane, anakaa ghorofa ya nne jengo la nyuma yetu. Hakuna damu baina yetu. Siku ya tatu ya msiba alinishika mkono akasema, "Huyu mtoto ataletwa kwangu akitoka skuli. Usinishukuru, nina upweke wangu." Basi miaka kumi na moja ulikula kwake, ukalala kwenye kochi lake, ukajifunza kusoma alifu kwake. Alikuwa akikuita mume wangu, kama bibi zetu wanavyowatania wajukuu. Ukichelewa dakika tano utamsikia toka ngazini: "Mume wangu kapata mke mwengine huko! Mwambieni nyumba hii ina wivu!"

Nawe ulikuwa unapenda. Halafu ukafika umri wa kutopenda.

Najua kilichotokea sokoni Woolwich. Ulinisimulia mwenyewe, kichwa umeinamisha. Ulikuwa na wenzako, yeye alikuwa ananunua muhogo, akakuona akapaza sauti, "Mume wangu, njoo unibebee!" Wenzako wakauliza anasema nini, ukaona haya, ukamwambia kwa Kiingereza kwamba yeye hata si bibi yako wa kweli. Akabeba muhogo wake mwenyewe.

Wiki moja baadaye hukumwona tena. Miaka mitatu umeamini kwamba yale maneno yako ndiyo yaliyomfukuza.

Siyo. Tafadhali isome tena sentensi hiyo. Siyo.

Sasa nakuja kwangu.

Ilikuwa vuli ile nilipoajiriwa kaunsili, hiyo halmashauri yetu ya hapa, idara ya uchaguzi, karani wa majaribio kwa miezi sita. Hujui nilivyokuwa. Nilikuwa nimeomba kazi za ofisi mara nyingi hata nikaacha kuhesabu, na nilipoipata nikawa naingia kazini nusu saa kabla ya wote ili nisije nikakutwa nimechelewa. Kila nilipoitwa na mkubwa wangu nilikwenda na kijitabu changu mkononi. Nilisoma kitabu cha maelekezo hadi kurasa zikalegea. Na katika kusoma huko nikagundua jambo ambalo watu wetu wengi hawalijui mpaka leo: kwamba mwenye pasipoti ya Tanzania au ya Kenya, akiwa na ruhusa ya kukaa hapa, anaruhusiwa kupiga kura hapa. Hahitaji kuwa na ya Kiingereza.

Nilikimbia kwa Bi. Zuwena jioni ile ile.

"Mie?" akasema. "Miaka ishirini na tatu nakaa hapa, leo ndiyo waniambia?"

"Leo ndiyo nimejua, Bibi."

"Basi lete hiyo fomu kabla hawajabadilisha nia."

Alikuwa na sababu yake. Diwani wa mtaa wetu alikuwa amejiuzulu, na kulikuwa na uchaguzi mdogo wa kujaza nafasi moja. Kulikuwa pia na maneno kwamba ukumbi wa chini, ule tunaosomea hitma na kufanyia harusi ndogo, utafungwa. Watu wa vyama walitupia karatasi zao milangoni. Mmoja tu alikuwa hana chama, dereva wa basi mstaafu, na yeye alipanda ngazi zote nne wakati lifti imekufa, akakaa jikoni kwa Bi. Zuwena akanywa chai, akamsikiliza habari za ukumbi bila ya kutazama saa. Nilimuuliza Bibi atamjuaje mtu asiye na chama. Akanijibu, "Wenziwe wana vyama. Huyu ana miguu."

Nakuandikia maneno hayo kwa sababu uliuliza pale mezani mtu atajuaje. Mimi sina jibu bora kuliko hilo la Bi. Zuwena, na sikulipata kwenye kitabu cha maelekezo.

Tukakaa tuandike fomu. Nilikuwa na kalamu mpya. Nilijiona mtu mkubwa, nitakuambia ukweli.

"Andika Zuwena Khamis Faki," akasema. "Khamis baba yangu, Faki babu yangu."

"Bibi, barua zako zote za serikali zimeandikwa Zuwena Salim."

"Salim alikuwa mume wangu, Mungu amrehemu. Aliyenipokea siku ya kwanza hapa aliniuliza jina la mume, nikamtajia, akanibandika nalo. Mie si mtoto wa Salim."

"Najua. Lakini ofisi za hapa zinalinganisha. Tukiandika jengine watairudisha."

"Na pasipoti yangu je?"

"Nitashughulikia."

Akanitazama, akasukuma karatasi upande wangu. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Nikaandika Zuwena Salim. Siku mbili baadaye, nikiwa ndani ya basi, ndipo akili ilipotulia. Sheria ya kuonyesha kitambulisho chenye picha ilikuwa mpya. Kitambulisho pekee cha picha alichokuwa nacho ni pasipoti, na pasipoti inasema Khamis Faki. Ningemwambia tu abebe cheti chake cha ndoa, kile chenye jina lake na la Salim pamoja, mambo yangekwisha. Kipo, kimo ndani ya kabati la vikombe, ulikuwa ukikiona. Nikaandika kwenye kijitabu changu: cheti cha ndoa, B.Z. Kijitabu ninacho hadi leo, na maneno yapo.

Sikumwambia. Nimejaribu kuandika kwamba nilisahau, nikafuta. Sikusahau. Kila jioni nilipopita chini ya dirisha lake nilikumbuka, na kila jioni niliona kumwambia ni kukiri kwamba yeye alikuwa na haki na mimi niliyesoma nilikosea. Nikasema kesho. Kesho ikawa Alhamisi ya kura.

Siku ile sikupangiwa mtaa wetu. Karani wa pale aliumwa usiku, nikahamishwa alfajiri. Kituo kilikuwa ukumbi wa skuli yako ya msingi, ule wenye kamba za mazoezi ukutani. Meza moja, sanduku moja jeusi, vibanda vitatu vyenye penseli zilizofungwa kwa uzi. Msimamizi wa kituo alikuwa Bi. Pauline, mwalimu mstaafu, mwanamke wa Kiingereza mpole aliyeleta biskuti zake. Kazi yangu ilikuwa kutazama kitambulisho, kulisoma jina kwa sauti, na kulipigia mstari kwenye daftari. Simu zetu zilifungiwa ndani ya kisanduku kingine tangu saa kumi na mbili na nusu.

Alikuja saa tano asubuhi. Nilisikia harufu kabla sijainua kichwa. Alikuwa amejifukiza udi. Alivaa baibui lake la Idi, na wanja machoni, na pasipoti ameifunga ndani ya leso nyeupe iliyopigwa pasi. Alikuwa amevaa kama mtu anayekwenda kwenye harusi ya mwanawe. Aliponiona nyuma ya meza uso wake ukachanua, akafungua mdomo kuniita.

Nikatazama chini.

Sijui kwa nini nilitazama chini, na ndicho nilichojiuliza mara nyingi zaidi kuliko yote. Nadhani niliona haraka, yote kwa pamoja, kama mtu anavyoona glasi ikianguka: majina hayafanani, fomu imeandikwa kwa mkono wangu, wataniuliza nani kamwandikia, watasema karani anawaandikisha jirani zake apendavyo. Miezi yangu sita ilikuwa bado wiki tatu. Nikapokea pasipoti, nikalisoma jina lililomo kama mtu anayeliona mara ya kwanza.

"Hakuna jina hili kwenye daftari," nikasema kwa Kiingereza.

Bi. Pauline akasogea. Akatazama pasipoti, akatazama daftari, akaona Zuwena Salim kwenye anwani ile ile. Hakuwa mtu mbaya, Idrissa. Alimletea kiti. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa wema kabisa, "Unamjua mama huyu? Labda unaweza kunieleza haya majina."

Alikuwa ananifungulia mlango. Kulieleza ni dakika moja. Huyu ni Zuwena, kwetu mwanamke habadilishi jina la baba yake kwa kuolewa, hilo jengine ni la mume, cheti kipo nyumbani kabatini, tupige simu kitaletwa. Huenda angekubali, huenda angesema kiletwe kwanza. Kanuni zinampa yeye uamuzi, si mimi. Lakini mlango ulikuwa wazi.

Nikasema, "Hapana. Simjui."

Bi. Zuwena anajua Kiingereza zaidi ya anavyojifanya. Alisikia. Bi. Pauline, naye hajui alitendalo, akamgeukia: "Na wewe, mama, unamjua binti huyu? Labda mnaongea lugha moja, atakusaidia."

Alinitazama. Alitazama kile kitambulisho cha kazi kilichokuwa kifuani pangu, kile ambacho yeye mwenyewe alikifukiza udi siku nilipokileta nyumbani. Nilijua akisema ndiyo, uongo wangu umejulikana pale pale mbele ya mkubwa wangu. Na yeye alilijua hilo, nililiona machoni mwake.

Akasema kwa Kiingereza, taratibu, kila neno mahali pake, "Hapana. Simjui binti huyu."

Akaifunga pasipoti ndani ya leso. Bi. Pauline akamweleza kwamba anaweza kurudi na karatasi yoyote yenye majina yote mawili, kituo kiko wazi mpaka saa nne usiku. Akashukuru. Akatoka, na udi ukabaki.

Kila mlango ulipofunguliwa siku ile niliinua kichwa. Wakaja watu na mbwa wao, wakaja vijana wenye vitabu, akaja yule dereva mstaafu akatusalimia wote. Saa nne usiku Bi. Pauline akafunga mlango kwa ufunguo. Kwenye daftari, Zuwena Salim hakuwa na mstari.

Yule asiye na chama alishindwa, na hakushindwa kwa kura moja. Jambo hilo lilinifariji kwa siku kama nne, kisha likaacha kunifariji, kwa sababu Bi. Zuwena hakuwa amevaa baibui la Idi ili ashinde.

Sasa sehemu yako.

Hakukufungia mlango. Mimi ndiye niliyekufungia. Nilikwambia Bibi amechoka, nikakuandikisha kwenye masomo ya jioni pale maktaba, nikakupa ufunguo wako mwenyewe. Ijumaa ya wiki iliyofuata ukaniuliza, "Mama, ni kwa sababu ya yale niliyomwambia sokoni?" Nilikuwa nakata kitunguu. Nilikuwa na muda wote wa kusema hapana. Nikasema, "Labda. Mwache kwanza, wazee wana kinyongo."

Nilimsingizia kinyongo mtu ambaye alinifichia uongo wangu mbele ya watu. Na nilikusingizia wewe ili nisiulizwe.

Ulimwandikia kadi, kwa Kiswahili, peke yako, na hukuniuliza hata neno moja. Ukanipa nimpelekee. Niliiweka kwenye droo ya ofisini, chini ya karatasi za bahasha, nikakwambia nimempa. Ukauliza kasema nini. Nikasema kashukuru. Uliitikia kwa kichwa ukaenda chumbani kwako, na tangu jioni ile, mwanangu, ndipo ulipoacha kuniitikia kwa Kiswahili. Nililiona. 

Na ule mkate wa kumimina tulioula Idi ile, nikakwambia nimenunua sokoni, haukutoka sokoni. Uliachwa mlangoni kwetu umefunikwa sahani, sahani yenye maua ya buluu, unaijua ni ya nani. Nilirudisha sahani usiku, nikaiacha kwenye mkeka wake, sikugonga.

Nami hukutana naye kituo cha basi. Kila mara nampa shikamoo. Kila mara ananitazama vizuri tu, bila ya ubaya, kisha ananijibu "Good morning" kama anavyomjibu dereva. Alisema hanijui, na ameshikilia neno lake. Shikamoo yangu haijapata marahaba kwa miaka mitatu. Mwanzoni nilidhani ananiadhibu. Siku hizi nadhani ananingoja, lakini sina hakika, na mimi si mtu wa kusema jambo ambalo sina hakika nalo.

Kazini walinithibitisha. Wanasema mimi ni makini. Kila mwanamke wa kwetu anapofika dirishani kwangu namuuliza kwanza jina la baba yake, namweleza karatasi ipi abebe siku ya kura, nampigia simu kumkumbusha hadi wengine wanachoka nami. Mkubwa wangu alinisifu kwa hilo mbele ya wenzangu. Nilikwenda chooni nikajifungia mpaka wakarudi mezani kwao.

Sikuandiki haya ili unisamehe leo. Una safari, usijibebeshe na hilo. Nakuandikia kwa sababu unakwenda mahali ambapo watakupa karatasi yenye majina matupu, na wewe umekulia kwa mama ambaye alikuwa na jina zima la mtu mbele yake, na sura yake, na chakula chake tumboni, akasema hamjui. Sitakuchagulia. Si kwamba siwezi kusoma habari za hao watu saba, ningezisoma zote, unanijua. Ni kwamba nimekwisha kuamua jina la mtu mwengine liandikweje, mara moja, na umeona. Kasome mwenyewe. Waulize majirani wa shangazi yako ni nani kati yao amewahi kuonekana ngazini kwao. Ukichagua vibaya, umechagua vibaya, duru ya pili ipo. Mimi nilichoogopa kilikuwa kukosea mbele ya watu, na kwa kuogopa hilo nikafanya kitu ambacho hakina duru ya pili mpaka leo.

Ndani ya bahasha hii kuna vitu viwili. Cha kwanza ni kadi yako. Sikuisoma, ila haina bahasha yake na nimeona mstari wa juu: Bibi yangu wa kweli. Cha pili ni fomu ya kusahihisha jina kwenye daftari la wapiga kura. Nimeijaza kwa penseli, Zuwena Khamis Faki, ili akitaka kufuta afute. Mwezi wa tano kuna uchaguzi wa madiwani mtaa mzima. Inahitaji sahihi yake tu na nakala ya pasipoti. Siwezi kumpelekea mimi. Nimepanda zile ngazi mara mbili mwaka huu na nikashuka kutoka ghorofa ya tatu.

Kuhusu kunipata. Ukiwa huko usinipigie simu ya ofisini, inapokewa na yeyote aliye karibu. Nipigie ya mkononi baada ya saa kumi na mbili jioni ya hapa. Siku ya mchujo wako usiniambie umemchagua nani, wala usitume picha. Nibipu mara moja tu ukate. Nitajua umekwenda, na hilo ndilo pekee ambalo karani ana haki ya kulijua.

Kesho ndege yako ni saa kumi alasiri. Saa tatu asubuhi nitakuwa chini ya jengo la nyuma, kwenye kile kibao cha matangazo karibu na lifti, mimi na mabegi yote mawili. Simu nitaishika mkononi, sitaiweka mfukoni. Ukipenda, panda kwa Bi. Zuwena; ndiye yule mtu mmoja unayeruhusiwa kuzungumza naye juu ya barua hii. Mpe kadi yako kwanza, hiyo ni yako na yeye, mimi simo. Ukimaliza, mwambie kuna shikamoo yake iko chini. Akikuuliza ni ya nani, usiseme ya mama. Mtajie jina langu, la baba yangu na la babu yangu, kama yeye alivyotaka la kwake liandikwe.

Akiitikia marahaba, nibipu mara moja. Sitapokea, nitapanda. Akisema hamjui mtu huyo, usibishane naye, mbusu mkono, shuka, nitakukuta pale pale kwenye kibao, twende uwanja wa ndege.

Mama yako,
Rukia Hamad Makame